Televisheni ya HD kwenye kompyuta ya nyumbani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

“Kipokezi nimenunua, antena nimeunga, chaneli zimeingia. Mbona picha bado ina ukungu?” Swali hili hurudi kila baada ya muda, likibadili sura tu. Mwingine hata hizo chaneli hakuzipata: programu ilitafuta mpaka asilimia mia ikarudi mikono mitupu. Mwingine ana picha safi, ila kila mchezaji akikimbia uwanjani anaacha mistari nyuma yake.

Karibu wote huanza kwa kuilaumu kompyuta, wakaongeza RAM. RAM haina kosa. Picha ya HD hutoka mnarani ikapita antena, kebo, kipokezi, programu, chipu ya picha, kebo nyingine, ndipo ifike kwenye skrini. Ukianza kutafuta kosa kutoka mwisho wa safari hiyo utazunguka wiki nzima. Kwa hiyo tutafuata njia ileile inayopitwa na mawimbi, na hatua nyingi zina kipimo chake. Kipimo kikikataa, usisogee mbele.

Jambo moja kwanza. HD ni namba, si maneno ya kwenye boksi. Picha ya pikseli 1280 kwa 720 ni HD. Ya 1920 kwa 1080 ni HD kamili. Chaneli ikirushwa kwa 720 kwa 576, hiyo ni SD, na hakuna kompyuta wala kebo itakayoigeuza kuwa HD. Hakikisha kwanza kwamba mnara wa eneo lako unarusha chaneli za HD, na ujue ni zipi. Zipo familia zinazohangaika na mitambo kutafuta kitu ambacho hakirushwi.

## Vifaa utakavyohitaji

- Kompyuta ambayo chipu yake ya picha inaweza kusimbua video. Kwa matangazo ya H.264 (njia moja ya kusimba video, yaani kuibana ili irushwe), prosesa za Intel Core za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2011, zinatosha kabisa. Kwa matangazo ya HEVC, njia mpya zaidi ya kusimba, tafuta kizazi cha saba au cha baadaye.
- Kipokezi cha televisheni. Kinaweza kuwa cha USB kinachofanana na flashi, kadi ya kuchomeka ndani ya kompyuta ya mezani, au kipokezi cha mtandao kinachoungwa kwenye rauta, kama HDHomeRun, ambacho hugawia kompyuta zote za nyumbani.
- Antena ya UHF (masafa ya televisheni) na kebo ya koaksi ya ohm 75.
- Kebo fupi ya kurefushia USB. Ni kitu kidogo, lakini usikiruke, sababu inakuja.
- Kebo ya HDMI, kama utatazama kwenye televisheni kubwa.
- Programu: NextPVR kwa Windows, Tvheadend kwa Linux, na VLC ya kukagulia. Kodi ni nzuri kwa anayetaka kukaa kwenye kochi na rimoti. Zote hazilipiwi.

Onyo kabla hujatoa pesa. Tundu la HDMI la laptop hutoa picha, halipokei. Kuunga king’amuzi kwenye laptop kwa kebo ya HDMI hakutaleta kitu, hata ukibadili kebo kumi. Kupokea kunahitaji kadi ya kunasa video, na hata ukiwa nayo, chaneli nyingi za king’amuzi hutoka zikiwa na HDCP, ulinzi unaozuia picha isinaswe, nawe unabaki na skrini nyeusi. Hili ndilo kosa ninaloulizwa kuliko mengine yote.

## Hatua ya 1: Jua mfumo wa matangazo wa nchi uliyomo

Dunia haina mfumo mmoja. Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika hutumia DVB-T na mrithi wake DVB-T2. Marekani, Kanada, Meksiko na Korea Kusini wako kwenye ATSC. Japani ina ISDB-T, na toleo lake linatumika Brazili na nchi nyingi za Amerika Kusini, hata Botswana. China ina DTMB.

Kipokezi cha mfumo mmoja hakisomi mwingine. Draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa, haiwezi kuziba pengo hilo, kwa sababu kinachotofautiana ni chipu yenyewe.

Uliza pia aina ya usimbaji wa video. Marekani kwa ATSC walianza na MPEG-2. Nchi nyingi za DVB-T2 hutumia H.264, Ujerumani ilipohamia DVB-T2 ilichagua HEVC. Jibu la swali hili ndilo litakaloamua kama kompyuta yako ya zamani inafaa.

Kipimo: uweze kuandika kwenye karatasi mfumo, usimbaji, na majina ya chaneli angalau mbili za HD zinazorushwa bila kufungwa.

## Hatua ya 2: Nunua kipokezi sahihi

Hapa ndipo nilipoangukia mwenyewe. Nilinunua kipokezi chenye maandishi makubwa ya “HD” na “DVB-T”, nikakaa jioni tatu natafuta chaneli, nikapanda juu ya paa mara mbili. Namba 2 haikuwepo. Mnara ulikuwa unarusha DVB-T2, na kipokezi cha DVB-T hakiwezi kuusoma hata antena ikiwa imeegemea mnara wenyewe.

Vipokezi vya bei rahisi vyenye chipu ya RTL2832U pekee viko hivyo. Vinapendwa sana na watu wanaochezea mawimbi ya redio, kwa hiyo utavikuta kila mahali, na kwa kazi hiyo ni vizuri. Kwa DVB-T2 havifai. Usisome maandishi ya mbele ya boksi. Soma ukurasa wa vipimo, utafute “T2” kwa macho yako.

Chaneli za kulipia ni habari nyingine. Kipokezi cha kawaida cha USB kitaziona, kitaziorodhesha, lakini hakitazifungua, kwa sababu zinahitaji kadi ya mteja na tundu la kuichomeka. Jina la chaneli likionekana bila picha, si lazima kitu kiwe kimeharibika.

USB 2.0 inatosha. Ina uwezo wa megabiti 480 kwa sekunde, na chaneli ya HD haifiki hata 20.

## Hatua ya 3: Antena, ambako kazi iko

Ukiwa na saa tatu za kufanya kazi hii yote, mbili zipe antena.

Matangazo ya kidijitali hayafifii polepole kama ya zamani yaliyokuwa na chenga. Picha husimama safi mpaka mawimbi yanaposhuka chini ya kiwango fulani. Hapo hukatika vijiboksi vijiboksi, sauti inakwama, kisha giza. Maana yake ni kwamba picha safi leo haikuhakikishii chochote. Huenda uko kwenye ukingo, na mvua au lori lililoegeshwa mbele ya nyumba litakuangusha.

Anza hivi:

1. Tafuta mnara ulipo, kisha elekeza antena huko. Antena ya mkuki yenye vijiti vingi hupokea kutoka mbele yake; ikikosea uelekeo, urefu wake hausaidii.
2. Angalia antena za majirani. Vijiti vyao vikilala, nawe laza vyako. Vikisimama wima, simamisha. Mawimbi hurushwa kwa mkao maalumu, na antena yenye mkao tofauti hupoteza sehemu kubwa yake.
3. Ipandishe, itoke nje ya nyumba ikiwezekana. Paa la bati na zege yenye nondo ni ukuta kwa mawimbi. Kwa waliolazimika kubaki ndani, dirisha linalotazama mnara ndilo mahali pa kwanza pa kujaribu.
4. Isogeze kidogo kidogo. Mawimbi ya megahezi 600 yana urefu wa nusu mita hivi, kwa hiyo hata kuisogeza antena shibiri moja kunaweza kubadili matokeo. Sogeza, subiri sekunde chache, soma kipimo, sogeza tena.

Programu nyingi huonyesha vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Watu hutazama nguvu. Tazama ubora. Mawimbi yenye nguvu lakini machafu hayasomeki, na yaliyo dhaifu lakini safi husomeka vizuri tu.

Sasa kikuza mawimbi, ambacho wengi hununua kabla ya kitu kingine chochote. Kikuza hakijui tofauti ya chaneli na kelele, hukuza vyote. Kinafaa pale ambapo kebo ni ndefu au imegawanywa kwa televisheni kadhaa, na hapo huwekwa karibu na antena, si karibu na kompyuta, maana kebo ikishamaliza kupoteza mawimbi yamebaki makapi ya kukuzwa. Ukiwa karibu na mnara, kikuza kitakidhuru kipokezi: mawimbi yakizidi, kipokezi hulemewa na chaneli hupotea. Nimewahi kumwambia mtu achomoe kikuza, na chaneli zote zikarudi.

Ile kebo ya kurefushia USB kazi yake ni hii: ndani ya kompyuta kuna kelele nyingi za umeme, na kipokezi kilichochomekwa moja kwa moja ubavuni huzisikia. Kikisogezwa mita moja, ubora wa mawimbi mara nyingi hupanda. Tena uzito wa kebo ya antena hautavunja tundu la USB.

Kipimo: kama ipo televisheni ya kawaida yenye mfumo huohuo, iunge kwenye antena hii kwanza. Ikipata chaneli za HD bila kukatika kwa nusu saa, antena yako haina lawama tena, na kosa lolote litakalotokea baadaye liko kwenye kompyuta. Kipimo hiki kimoja kinaokoa siku nzima.

## Hatua ya 4: Draiva

Kwenye Windows, pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji, si ya kwenye sidii ya boksini, ambayo mara nyingi imezeeka. Kwenye Linux vipokezi vingi hutambuliwa vyenyewe, lakini baadhi huhitaji faili la ziada la famuwea, yaani programu ya ndani ya kifaa chenyewe. Bila faili hilo kifaa huonekana lakini hakipokei.

Chomeka kwenye tundu la kompyuta yenyewe. Habu ya USB isiyo na umeme wake ni chanzo cha vipokezi vinavyofanya kazi dakika kumi kisha vikazima, hasa kama kipokezi kinalisha volti 5 kwa antena yenye kikuza ndani yake.

Kipimo: kifaa kinaonekana kwenye orodha ya vifaa bila alama ya onyo.

## Hatua ya 5: Tafuta chaneli

Fungua NextPVR au Tvheadend, chagua kipokezi, chagua mfumo na nchi, kisha anza utafutaji. Katika Tvheadend kazi hii hufanyika ndani ya kivinjari, kwenye mlango namba 9981 wa kompyuta yenye kipokezi.

Utafutaji wa haraka huamini orodha ya masafa iliyomo ndani ya programu, na orodha hizo hupitwa na wakati. Ukikosa chaneli unayojua ipo, tafuta masafa yake kamili kwa megahezi, uyaingize kwa mkono. Katika DVB-T2 angalia pia upana wa chaneli, kwa kawaida megahezi 8 kwenye UHF. Ukichagua 7 mahali pa 8, hutapata kitu.

Kipimo: zile chaneli mbili za karatasini zimo kwenye orodha na zinafunguka.

## Hatua ya 6: Hakikisha ni HD kweli

Macho hudanganya, hasa ukiwa umetoka kusumbuka. Rekodi dakika moja ya chaneli, fungua faili hilo kwenye VLC, kisha bonyeza Ctrl na J. Dirisha litakuonyesha usimbaji na ukubwa wa picha. Ukiona 1920 kwa 1080, au 1280 kwa 720, umefika. Baadhi ya vituo hurusha 1440 kwa 1080, ambayo hutanuliwa wakati wa kuonyeshwa. Nayo huhesabiwa HD.

Ukiona 720 kwa 576, uko kwenye chaneli ya SD. Rudi kwenye orodha utafute jina lilelile lenye HD mbele yake. Nusu ya malalamiko ya ukungu huishia kwenye mstari huu.

## Hatua ya 7: Picha inaganda, au ina meno ya kitana

Haya ni magonjwa mawili, na dawa zake ni mbili.

Kuganda. Kama ubora wa mawimbi ni mzuri na bado picha inakwamakwama, angalia ni nani anayesimbua video. Katika Windows fungua kidhibiti kazi kwa Ctrl, Shift na Esc, uangalie prosesa na grafu za chipu ya picha. Prosesa ikiwa asilimia 90 na grafu ya usimbuaji wa video ikiwa sifuri, mzigo uko begani kwa asiyestahili. Katika mipangilio ya VLC, sehemu ya kodeki, weka usimbuaji wa vifaa kuwa wa kiotomatiki. Katika Linux, hakikisha VA-API, programu inayoikabidhi chipu ya picha kazi ya kusimbua, imesakinishwa. Grafu ile ikipanda na prosesa ikashuka, tatizo limekwisha.

Meno ya kitana. Matangazo mengi ya HD ni ya 1080i. Kila picha huja kwa vipande viwili, mistari ya witiri kwanza kisha ya shufwa, vipande 50 kwa sekunde katika nchi nyingi na karibu 60 kwingineko. Televisheni huviunganisha yenyewe. Kompyuta huvibandika tu pamoja, na kwa kuwa kitu kilichosogea hakiko mahali palepale katika vipande vyote viwili, kingo zake hutoka na meno.

Katika VLC bonyeza herufi D kuwasha uunganishaji, kisha kwenye menyu ya video chagua njia ya Yadif (2x). Hiyo 2x ndiyo muhimu: bila hiyo utapata picha 25 badala ya 50, na mpira utaonekana kurukaruka badala ya kuviringika.

Kipimo: tazama maandishi yanayopita chini ya skrini wakati wa habari. Yakiteleza bila kusita na herufi zikasomeka, umemaliza. Sijui kipimo bora zaidi ya hicho.

## Hatua ya 8: Kwenda kwenye skrini kubwa

Tumia HDMI. VGA hubeba picha bila sauti, tena si ya kidijitali. DVI hubeba picha ileile ya HDMI, kwa hiyo kigeuzi rahisi kinatosha. Kigeuzi cha DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta, na hiyo ndiyo njia unayoitaka.

Ukishaunga, rekebisha mambo haya:

- Ukubwa. Weka 1920 kwa 1080, au ukubwa halisi wa skrini. Ukubwa mwingine wowote huleta ukungu.
- Kingo kukatwa. Televisheni nyingi hukuza picha kidogo, na upau wa chini wa Windows unapotea. Tatua kwenye rimoti ya televisheni: tafuta mpangilio wa ukubwa wa picha ulioitwa “Just Scan”, “Screen Fit” au jina la namna hiyo. Usitatue kwa kuipunguza picha kwenye kompyuta, maana utakuwa umekuza na kupunguza, na ukali wa HD umepotea katikati.
- Hezi, yaani idadi ya picha ambazo skrini huonyesha kwa sekunde. Matangazo yakiwa ya 50, weka skrini kwenye 50. Skrini ya 60 hulazimika kurudia baadhi ya picha, na yale maandishi ya habari huanza kusita tena.
- Weusi. Nyeusi ikionekana kijivu, au vivuli vyote vikizama kwenye wino, kompyuta na televisheni hazikubaliani kuhusu viwango vya mwanga, kutoka nyeusi hadi nyeupe: televisheni hutarajia 16 hadi 235, kompyuta huzoea 0 hadi 255. Chagua kimoja kwenye mipangilio ya chipu ya picha, na hichohicho kwenye televisheni.
- Sauti. Isipotoka, kompyuta bado inaipeleka kwenye spika zake. Chagua HDMI kwenye orodha ya sauti.

## Kama huna antena: njia ya intaneti

Hapa hatua ni chache. Kwa picha ya 1080, huduma kama Netflix hushauri kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, na 3 kwa 720. Kasi hiyo ipimwe pale kompyuta ilipo, si karibu na rauta. Ikiwezekana vuta kebo ya mtandao. Waifai hupanda na kushuka, na kila ikishuka huduma hukupunguzia ubora kimyakimya.

Wenye bando wapige hesabu: megabiti 5 kwa sekunde ni gigabaiti 2.25 kwa saa.

Huduma za kulipia pia hupima ulinzi wa kivinjari. Kompyuta ileile inaweza kupewa 1080 kwenye kivinjari kimoja na 720 kwenye kingine, kwa hiyo jaribu viwili, au programu rasmi ya huduma, kabla ya kulaumu mtandao. Kwenye YouTube bofya picha kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Stats for nerds”, usome ukubwa halisi unaopokea.

## Hatua ya 9: Kurekodi

Chaneli ya megabiti 8 kwa sekunde hula gigabaiti 3.6 kwa saa. Mechi yenye mapumziko na muda wa nyongeza hupita 7 kwa urahisi. Kama diski au flashi yako imepangwa kwa FAT32, rekodi itakufa ikifika gigabaiti 4, kwa sababu mpangilio huo haukubali faili kubwa kuliko hapo. Ipange upya kwa exFAT au NTFS, ukishahamisha vilivyomo, maana kupanga upya hufuta kila kitu.

Zima kulala kwa kompyuta, au ruhusu programu kuiamsha. Kisha panga rekodi ya majaribio ya dakika tano, usiku, kompyuta ikiwa imelala na wewe umelala. Asubuhi faili likiwepo, na Ctrl na J ikisoma 1920 kwa 1080, unaweza kuiachia mechi ya Jumamosi.